Jina la Kaka Yake Ubaoni

Vuta mkeka ukae, rafiki, maana jambo hili halielezeki kwa haraka. Mwezi uliopita nilirudi Garissa kwa mazishi ya jirani, nikapitia shule yetu ya msingi. Mwalimu kijana wa historia akaniuliza swali ambalo walimu wengi huuliza: vifaa vizuri vya kufundishia historia ya wakati wa vita atavipata wapi? Alinionyesha alivyokuwa navyo, kitabu chenye ramani ya Ulaya na picha za vifaru kwenye simu. Nikamsikiliza huku nikitazama ukuta wa mbele wa darasa, na miaka ya tisini ikanirudia yote kwa pamoja.

Wakati ule ubao ulikuwa saruji iliyopakwa rangi nyeusi. Kabla ya kengele ungesikia mikokoteni ya punda ikipanda kutoka mto Tana na mapipa ya maji, na juu ya miti korongo wakubwa walisimama kama wazee waliochoshwa na mkutano. Nyumbani nilikuwa nimekwisha kula anjera ya moto, chapati yetu laini iliyotoboka vitundu vidogo vya kunywa samli na sukari, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi uliofukizwa kwenye kibuyu. Aliyeyaandaa hayo yote ni ayeyo, yaani bibi yangu. Naye aliniita ayeyo, kwa kuwa kwetu mkubwa humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa naye. Hata leo nikilisikia sokoni, nageuka.

Mwalimu wetu wa historia alitoka Kitui. Alikuwa na kitabu kimoja kwa darasa zima, na siku moja alikifunga. "Kitabu hiki kimesahau kwamba vita vya pili vya dunia vilipita hapa," alisema. "Waitaliano walikuwa ng'ambo ya mpaka, Waingereza upande huu. Nendeni mkawaulize wazee. Tukikosa kitu hadi Ijumaa, tutarudi Ulaya, maana mtihani hautungoji."

Tulikwenda sote, na sote tukarudi mikono mitupu. Ayeyo hakuinua hata kichwa. "Vita ya Wazungu? Sikuiona. Waulize Wazungu." Asubuhi darasani ilikuwa vicheko tu. Mmoja alisema bibi yake alimuuliza kama ametumwa na chifu. Mwingine alifukuzwa: "Mbuzi wako barabarani, wewe unauliza habari za waliokufa?" Mwalimu alicheka nasi, lakini nilimwona akikifungua tena kile kitabu.

Jioni ile nilimshikia ayeyo kibuyu akimkama ngamia wetu mweupe, aliyebakishwa mjini kwa ajili ya maziwa. Kwa kutaka tu kumfurahisha, nikamuuliza ngamia huyu ni binti ya nani. Uso wake ukafunguka. Mfugaji wa kwetu huujua ukoo wa ngamia wake upande wa mama kama anavyoujua ukoo wake mwenyewe, naye akaanza kushuka nao: mama yake, mama wa mama yake, yule mwenye kovu, yule aliyeogopa mvua. "Na huyo aliyeogopa mvua," akasema, "kaka yake alikuwa dume la mizigo. Askari walimchukua mwaka ule ngamia walipobebeshwa maji. Kaka yangu akaenda naye."

Hapo nikaelewa kosa letu. Kwetu mtu hafiki na swali mkononi. Huuliza mvua, huuliza malisho, huuliza mifugo, kisha mwenyeji mwenyewe huamua. Na miaka yao haikuwa na tarakimu za kitabu. Tuliwauliza kuhusu vita, na wao walikuwa wameviweka kwa ngamia.

Siku iliyofuata mwalimu alikuja nyumbani. Alikaa kwenye mkeka, akapewa chai ya iliki, na kama nilivyomweleza njiani, akauliza, "Mama, ngamia hajambo?"

"Ngamia mzuri," ayeyo alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe kwenu iko ngamia?"

"Hapana, mama. Kwetu iko punda na mbuzi."

"Basi pole sana."

Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagika, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Ayeyo alisimulia, nami nikafasiri. Askari walitaka madume yenye nguvu ya kubeba maji kuelekea Diff, karibu na mpaka. Lile dume lao halikukubali kupigishwa magoti kwa mkono mwingine, basi kaka yake ayeyo, ndevu ndiyo kwanza zinaota, akalifuata. Hakurudi yeye wala ngamia. Msimu mzima mama yao alimkamia bakuli lake kila jioni, na kila asubuhi maziwa yakawa yamechachuka.

Kisha akaacha Kisomali, akamtazama mwalimu. "Hakuna mtu nauliza mimi. Chifu hapana. Mzungu hapana. Wewe kwanza." Akamjazia kikombe tena. "Hii darasa yako, jina ya kaka naweza kaa huko?"

Ijumaa alikuja shuleni, akaketi dawati la mbele. Mwalimu aliandika jina la yule kijana, la baba yake na la babu yake, kisha akachora mstari kutoka Ijara, malishoni kwao, hadi Diff. Ayeyo hakujua kusoma. Aliinuka, akauliza jina linaanzia wapi na linaishia wapi, akalipima kwa viganja bila kugusa chaki. "Ni refu," aliniambia polepole. "Vizuri." Mwalimu alilizungushia mstari, na hadi shule ilipofungwa kwa likizo, kila aliyefuta ubao alipita kando.

Mvua zikanyesha. Ayeyo akafuata mifugo Ijara, na huko ndiko alikozikwa. Tulikuwa tumejifunza namna ya kuuliza, lakini wazee wengi walikuwa wameshahama kwenda Sangailu na kwingineko, mtihani ukaja, mwalimu akahamishwa. Leo ule ukuta umepakwa chokaa. Maziwa huja mjini kwa pikipiki, na mnywaji hamjui ngamia aliyeyatoa. Mimi mwenyewe nikijaribu kuutaja ukoo wa yule mweupe, nafika kwa mwenye kovu, hapo nakwama, na hakuna wa kunisukuma mbele.

Kwa hiyo nilimwambia yule mwalimu kijana: kitabu na ramani vichukue, vitakusaidia. Lakini kumbuka akina mama waliovuka mpaka kuja kwetu miaka ile ile ya tisini, wakikimbia vita vya kwao, watoto mgongoni. Sasa ni mabibi. Huenda mmoja anauza chai karibu na shule yako. Nenda kesho asubuhi kabla wateja hawajajaa, agiza chai, umuulize kwao walikuwa na mifugo gani. Akinyamaza, nawe nyamaza. Maliza chai yako, na kesho kutwa urudi.