Sabyrkul na Abiria Wenye Watoto Wachanga

"Huyo Sabyrkul hapakii mtu hivi hivi," Zuurakan, jirani wa mama yake, alimwambia Aizirek. "Ukiwa mwanamume na gunia lako, gari limejaa. Ukiwa na kichanga, anakuchangamkia kama shemeji yake. Ana jicho baya kwa watoto wa watu. Mfunike mwanao."

Aizirek alitabasamu tu kwa heshima. Lakini pale stendi ya Osh, alipokuwa akitafuta gari la kumrudisha kwa mumewe huko Alay, maneno yale yalimrudia. Sabyrkul, mwanamume mnene wa makamo, aliwakataa vijana wawili wenye mizigo, kisha akamfungulia yeye mlango wa mbele.

"Panda, mdogo wangu. Mtoto asipigwe na upepo."

Gari jingine halikuwepo. Aizirek akaenda kukaa nyuma, ubavuni mwa bibi mmoja wa Gulcha.

Njia ilipoanza kupanda, kila alipoinua uso aliyakuta macho ya dereva kwenye kioo.

"Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya."

"Na usiku analala?"

"Analala, kaka." Alijibu kwa mkato, kama anayehojiwa na askari.

"Wee Sabyrkul, tazama barabara," bibi akadakia. "Huyo mtoto hakusaidii kuendesha."

Sabyrkul akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Aizirek hakucheka. Bibi alipoteremka Gulcha, Aizirek alitamani kumshika nguo asimwache.

Juu zaidi, kondoo walioshushwa kutoka malishoni waliziba barabara. Sabyrkul akazima gari, akamfuata mwanamke aliyekuwa akiuza kurut, yale matonge makavu ya maziwa ya mgando. Wakanong'onezana. Mwanamke akaja kuchungulia dirishani, akamtazama mtoto, akarudi.

"Mwambie mwenyewe," Aizirek alimsikia akisema. "Hang'ati."

"Akikataa?"

"Hatakuwa wa kwanza."

Aizirek akafikiria kushuka awafuate wachungaji, lakini kwa baridi ile angekwenda wapi na mtoto? Akamkumbatia mwanawe, akavuta shali hadi pua ndogo ikabaki peke yake nje.

Kwenye mlima Taldyk ukungu uliwafunika. Gari likapunguza mwendo, likasimama kabisa.

"Mbona tumesimama?" Mkono wa Aizirek ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Sabyrkul hakugeuka. Alivua kofia yake ya sufu, akaiweka gotini, akaanza kuunyoosha ukingo ambao haukuwa umekunjamana.

"Najua wanavyonisema huko mjini. Wenzangu wanapakia mizigo, ndiyo yenye faida. Mimi napakia kina mama, halafu nafika hapa ulimi unakuwa mzito." Akakohoa. "Mke wangu anaitwa Batma, anapika shuleni. Tumeoana miaka mingi. Akirudi kutoka kwa watoto wa wenzake, anaikuta nyumba kimya."

"Unataka nini kwangu, kaka?" Kitasa hakukiachia.

"Lile shati la mtoto la mwanzo, alilovaa hadi arobaini yake. Batma anataka kulilalia. Wazee wetu wanasema Mungu humfungulia mtu kizazi hivyo. Niliowaomba waliogopa nitaondoka na bahati ya watoto wao, nami siwalaumu." Sasa akamtazama kwenye kioo, macho mekundu. "Kama bado unalo, mdogo wangu, tuazime. Nitakurudishia kwa mkono wangu, likiwa limefuliwa."