Fundi Picha Niliyemsingizia

Fundi picha wa hapa Karatu tumemzika Jumamosi, wasomaji wangu. Nilipopewa nafasi ya kusema neno nikasema alikuwa mpole, nikaketi. Nililopaswa kusema nililimeza, na aibu yake imenifikisha kwenye karatasi hii.

Binti yangu alipofariki, nilimpelekea fundi picha ya marehemu iliyopigwa shambani Ganako tukivuna maharage, aitengeneze ya kuweka msibani. Jua lilikuwa limemchoma, vumbi jekundu limemkaa usoni. Nikawawaza wakwe wanaokuja na magari yao kutoka Arusha. Nikasema, “Mfanye mweupe.” Akanitazama. “Bibi, vumbi nitapunguza, na macho nitayaongezea mwanga, maana kofia imeyatia kivuli. Lakini rangi yake si kosa la picha.” Nikamjibu, “Umeitwa kunifundisha au kufanya kazi?” Akacheka, akanionyesha kwenye kompyuta: kila badiliko huliweka kwenye leya yake, kama nailoni angavu iliyotandikwa juu ya picha. “Hii ya mwanga, hii ya rangi. Nikiiondoa, mwanao yuko chini vilevile, sijamgusa.” Mimi nikasema azidishe tu. Akazidisha mpaka nikaridhika.

Alipoileta msibani ikiwa kwenye fremu, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu, aliiangalia akasema mbele ya wote, “Bibi, huyu si mama.” Wakwe wakanigeukia. Nikanyoosha kidole mlangoni aliposimama fundi. “Muulizeni huyo! Kamharibu mwanangu!” Angeweza kuniumbua palepale. Akasema, “Samahani bibi, narekebisha,” akarudi studio, akaizima ile leya ya rangi, akaleta picha nyingine. Mtoto akaikumbatia. Lakini uongo wangu sikuuweka kwenye nailoni. Uliingia moja kwa moja kwenye jina lake. Akina mama wa kanisani wakaanza kupeleka picha za harusi na kipaimara kwingine. “Yule anaharibu sura za watu,” walisema, nami nawasikia, naendelea kuchambua mchele.

Miaka yote tuliyokutana njiani alinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kana kwamba naistahili. Siandiki ili mnihurumie. Nawaambia wenzangu wenye mvi, umri haukutupa ruhusa ya kumtwika mdogo kosa letu. Ukikosea, sema ni mimi, na uliseme wakati uliyemsingizia bado yuko hai. Mimi nimesema leo, mbele yenu nyote, na mwenyewe hasikii.