Mama Aliyesema na Kuku

"Dada, mtu akikatazwa kumsalimia mwanawe, bado ni mama yake?"

Binti mmoja aliniuliza hivyo tukipepeta mchele kibarazani kwangu, Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu na kila kitu nilikihoji: serikali, ndoa, Mungu mwenyewe. Swali lile lilinipita kama moshi wa mapori yanayochomwa kiangazi, moshi uliojaa kila mahali lakini haushikiki.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Magamba, gauni lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alinijua kwa sababu niliwahi kufundisha elimu ya watu wazima kijijini kwao. Kundi lao la dini lilikataza hospitali, redio, na kula chungu kimoja na watu wa nje. Wazee walikuwa wamemchagulia mume. Yeye alitaka uuguzi, na nafasi alikuwa ameshaipata. Kozi ingeanza mvua zikiisha. Hadi hapo alihitaji mahali pa kulala, na nguvu ya kutorudi.

Maana aliyetoka kundini hakusalimiwa tena, hata na mzazi. Mzazi aliyethubutu naye alitengwa.

Mimi niliamini dawa yake ni hoja. Jioni nilimchambulia mafundisho ya wazee wale, naye alinisikiliza kwa adabu, macho yake yakielekea njia ya Magamba. Niliona kabisa kwamba atarudi kwao.

Siku ya soko mama yake akatokea, kuku kwapani. Alisimama mbele ya kibaraza bila kututazama.

"Wewe kuku," akasema, "mbona umekonda? Huku wanakulisha kweli?"

Binti aliweka ungo chini. Alimtazama yule kuku kwa muda.

"Anakula," akajibu polepole. "Ila mboga za dada hazina chumvi."

"Basi ajipikie! Ana mikono. Na usiku analia?"

"Halii. Anakoroma."

Mama aligeuza uso upesi, mabega yakamtikisika. Nikajua anacheka.

Kwetu jambo hilo si geni. Mkwe asiyeruhusiwa kusema na mkwewe hupitisha maneno kwa mtoto, kwa mbuzi, hata kwa mtungi wa maji. Mama yule alikuwa ameichukua desturi iliyolitangulia kundi, akaitumia kuivuka sheria yao.

"Mwenzangu," jirani yangu, mke wa mfanyakazi wa reli, aliniita baada ya mama kwenda zake, "huyo kuku kasoma mpaka darasa la ngapi?"

Tangu hapo siku zilianza kupita kama usingizi wa mchana. Treni ya Kaliua ililia mbali, jua lilining'inia kwenye moshi kama taa nyuma ya chandarua, halafu mvua zikaja na kila kitu kikawa kijani. Kila siku ya soko kuku alionywa juu ya wanaume, alielezwa nani kazaa na nani kavuna, aliulizwa kama bado anasali. "Anasali," binti alijibu, na mimi nikatazama pembeni. Hoja zangu niliziacha. Kazi yangu ikawa kutoa kigoda nje na kunyamaza, na macho ya binti yakaacha kuitafuta njia ya Magamba.

Siku ya safari mama alikuja mpaka stesheni. "Kuku," akasema huku behewa likianza kusogea, "ukifika huko usione haya kuuliza."

Binti akawa muuguzi. Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshazikwa, shangazi yake binti alinieleza kwamba kuna mtu wa kundi aliyewaona soko lile la kwanza, na wazee walimtenga mama kabla juma halijaisha. Tangu hapo hapakuwa na sheria ya kumzuia kusema na binti yake waziwazi. Aliendelea kusema na kuku vile vile, akirudi kila mara kwenye nyumba ambayo hakuna aliyepita kuisalimia, ili mwanawe asijue kwamba ametengwa, akarudi kundini kumwombea msamaha.