Panga za Papa pale Daraja Mbili

Miaka ya sabini nilikuwa na kibanda pembeni mwa soko la Daraja Mbili, nikiuza vinyago vya viboko na sahani, vyote vya mawe ya sabuni. Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa pwani aliyevinunua akawauzie watalii huko kwao. Badala ya sehemu ya malipo aliniletea panga za papa. Si za chuma. Ni pua ndefu, bapa, ya samaki aitwaye papa upanga, ina meno pande zote mbili kama msumeno wa fundi aliyeshindwa kuamua upande. Walimu na mawakili walizipenda ukutani.

Upanga wa kwanza ulinipita kimo. Nilihesabu meno, nikahesabu tena. Moja limeng'oka, nikashusha bei. Nyumbani mke wangu, Msabato kwelikweli asiyegusa samaki asiye na magamba, alinisimamisha mlangoni.

"Baba watoto, samaki huyo ana magamba?"

"Nimeleta pua tu."

"Basi pua ilale na kuku."

Wa pili ulinifika kifuani. Wa tatu haukuzidi mkono wangu, meno ndiyo kwanza yanachomoza.

"Mzee, huyu ni mtoto. Mama yake yuko wapi?"

"Labda ndiye uliyemnunua kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba hakuna anayekwenda kumwinda papa huyu. Nyavu za nailoni zimejaa mpaka midomo ya mito, kwenye mikoko, ambako papa hawa huzalia. Samaki mwingine huweza kuchomoka. Huyu hufungwa na meno yake mwenyewe. Mvuvi hutazama wavu, hutazama samaki, kisha hukata samaki. Pua inauzwa, mapezi yanauzwa. Wengine hurudishwa majini wakiwa hai, bila pua ya kutafutia chakula.

Niliupima tena ule upanga kwa mkono. Halafu nikasema kwa kuwa papa ni mdogo, bei nayo iwe ndogo. Akakubali upesi mno. Upanga ule nilimuuzia mwalimu mkuu mmoja wa Kebirigo, naye akaagiza mwingine, mkubwa. Nikamwahidi.

Safari iliyofuata mzee alikuja mikono mitupu.

"Hakuna," akasema.

Neno hilo nimekua nalo. Sokoni, "hakuna" maana yake "ongeza bei kidogo". Nikaongeza.

"Hakuna."

Nikaongeza tena, hadi mama wa ndizi jirani yangu akageuka kunitazama, maana hajawahi kuniona nikipandisha bei bila kusukumwa. Mwishowe nikajifanya naondoka, ingawa kibanda kilikuwa changu. Hakuniita. Niliporudi alikuwa ameinama, anafunga sahani zake kwa majani makavu ya migomba.

"Mzee, sema bei ya mwisho."

"Ndugu yangu, sikufanyii biashara. Mwaka mzima nyavu ziko majini. Hatujaona hata mdogo."

Nilisubiri atabasamu. Akaendelea kufunga. Nikachuchumaa, nikachukua majani, nikaanza kumsaidia.