Siku Ambayo Kyanja Haikulima

Sisi tuliokulia kambini, watoto wa polisi wa Kampala, tulikuwa na miguu. Leo mwanangu akitumwa dukani anauliza kwanza kama bodaboda iko karibu. Zamani zetu, kila Jumamosi mama alitutanguliza mimi na dada, majembe begani, tukatembea kutoka kambini hadi Kyanja, lami ilipoishia na migomba ikaanza. Mama ni Mwacholi, na kwake mwanamke asiye na shamba ni mgeni duniani. Huko Kyanja alikuwa ameazimwa kipande cha ardhi na mama mmoja wa Kiganda tuliyemwita Nalongo, kwa kuwa alizaa mapacha.

Njiani tuliwatazama watu wa mashamba kama sinema. Wanawake walipiga magoti kando ya njia kusalimu, na salamu yenyewe haikuisha: mmelalaje, watoto hawajambo, asanteni kwa kazi. Luganda ya mama ilikuwa ya kununulia nyanya tu, kwa hiyo aliitikia "mm, mm" mpaka tukamcheka kisogoni. Harufu ya matoke yakiiva ndani ya majani ilitusindikiza hadi shambani.

Jumamosi moja njia ikawa kimya. Mashambani hapakuwa na mtu. Wachache tuliowasalimu njiani waliitika kwa mkato, wakayatazama majembe yetu, wakageuza nyuso. Mama akafunga leso, akaanza kupalilia maharage. Hata mstari hajaumaliza, Nalongo akatokea. Akamshika mama mkono, akachukua jembe lake, kisha langu na la dada, akaondoka nayo bila neno. Mimi nilibaki nimeshika hewa, sielewi tumekosa nini.

"Wamechoka na sisi watu ya kaskazini," mama alisema tukirudi. "Shamba imekwisha." Alilia waziwazi, na sijawahi kumwona akilia barabarani tena. Maharage yale ndiyo yaliyotuvusha mshahara wa baba ulipochelewa, na ulichelewa kila mara. Niliogopa njaa, na nilimchukia Nalongo kwa moyo wangu wote.

Kesho yake jioni alikuja kambini na majembe yetu, ameyaosha. Akapiga magoti kwenye saruji kumsalimu baba, koplo mwenye sauti ya gwaride, naye baba hakujua aiweke wapi kofia yake.

"Mutu alikufa kule kwetu," Nalongo akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kama hatujazika, jembe hapana gusa udongo. Mugeni tunaacha, yeye hajui. Lakini wewe ni mutu yetu. Leo tumezika. Kesho kuja, lima."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikuelewa hata kidogo. Kunyang'anywa jembe ndiko kukaribishwa? Nililala na swali hilo, na ukweli ni kwamba nilizeeka nalo kidogo kabla halijanikaa sawa.

Baba alipostaafu walirudi kwao Kitgum. Mwaka huu mama amekuja kunitembelea, na mimi sasa nimepanga Kyanja hiyohiyo, ndani ya ukuta wenye waya za umeme. Wajukuu wake walimsalimu kwa kidole gumba, macho kwenye simu. Wanaamini maharage huota ndani ya makopo. Asubuhi nikamtoa kutembea. Nyumba zimepanda hadi kileleni, mageti yote yamefungwa. Tulitembea mtaa mzima bila kusikia salamu hata moja. Niliona haya, kama niliyemleta mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa.

Mama akapunguza mwendo, kisha sauti. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Watu hawalimi, hawasalimu, na hakuna mutu amekufa?"

"Siku hizi ndivyo tunavyoishi."

Akasimama mbele ya geti jeusi lililopakana na langu. "Huyu jirani yako, jina yake nani?"

"Sijui, mama."

Akanitazama, kweli amechanganyikiwa. "Sasa unajuaje kama hajafa?"