Siku Mama Alipopika Pinyo za Pikipiki

Enzi zetu pikipiki haikulala nje. Ninyi mliokulia Mubi miaka ile ya vita mnajua ninachosema. Jua likishuka, pikipiki ya Papa, baba yetu, iliingia sebuleni kabla yetu, ikaegeshwa karibu na meza, ikafunikwa shuka. Asubuhi nyumba nzima ilinuka petroli, na sisi tulikwenda shule tukinuka hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika. Wenye bunduki, wawe wa kundi hili au lile, walizipenda pikipiki za watu kuliko wenyewe tulivyozipenda.

Papa alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari mfukoni, na pikipiki ile ndiyo iliyopeleka chumvi na sabuni zake njia ya Bisie, na safari nyingine mpaka Pinga. Basi alikuwa na ujanja wake. Habari ya kukimbia ikija, aliificha chini ya majani ya migomba, akaifungua tumbo, akatoa vyuma vya kuiwashia na kutugawia tubebe, ili atakayeikuta asiweze kuondoka nayo. Yeye alichukua kabureta. Dada yangu mkubwa, Kavira, alichukua kifuniko cha injini pamoja na vitabu vyake. Mimi nilivalishwa shingoni kopo la maziwa lililojaa visi, zile skrubu zake, nikikimbia zinalia chakacha chakacha, Papa ananikaripia, “Nyamazisha hizo visi!” nami nazidi kucheka, maana mtoto ni mtoto hata vitani. Mama alifunga pinyo za kiki mgongoni pamoja na mdogo wetu. Pinyo ni yale magurudumu madogo yenye meno, na kiki ni ule mguu wa chuma unaokanyagwa ili injini iwake. Vijana wa leo wanabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Ukiwatajia kiki wanadhani unaongelea mpira.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi tulirudi kutoka msituni Jumamosi, na Jumatatu asubuhi Kavira alitakiwa awe Walikale kwa mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Mwaka uliotangulia wenzake waliufanya sisi tukiwa mafichoni, na alilia mpaka sauti ikakauka. Akiukosa tena, masomo yake yameishia hapo, kwa sababu shule yenyewe ilikuwa imebaki kuta tu.

Jumapili baada ya misa kila mmoja akaleta chuma chake, na Papa akakunja mikono ya shati. Alipomaliza kufunga, akakanyaga kiki. Ikashuka mpaka chini bila kukamata kitu, akayumba nusura aanguke. Akakanyaga tena, ikawa vile vile. Mtauliza kwa nini hatukuisukuma. Njia ya Walikale ilikuwa tope mpaka magotini, na ikizimika katikati ya tope, au mbele ya kizuizi, ni nani atakusukuma? Ilibidi kiki ikamate.

Papa akafungua kifuniko upya. Kwanza alishuku resori, ile springi ya kurudisha kiki juu, akaikuta nzima. Akakagua meno ya pinyo moja moja kwa kidole, hayakuwa yamelika. Kavira alikuwa ameacha kusoma, anamtazama tu mikononi. Ndipo Papa akajaribu kutelezesha pinyo moja juu ya chuma chake, ile inayotakiwa kusogea ili ikamatane na mwenzake, ikakataa kusogea kabisa. Akaipeleka puani.

“Mama Kavira, hii inanuka sombe!”

“Ni mawese,” Mama akajibu. “Si ulisema niilinde na kutu?”

Kumbe kule msituni, mvua haikatiki, Mama alikuwa akizipaka pinyo mawese kila jioni, kwa mkono ule ule uliompaka mtoto mafuta, kisha anazilaza karibu na moto zipate joto. Majivu na masizi yalijazana humo, na mafuta yalipopoa yakaganda kama gundi. Papa alitaka kukasirika, lakini alipomtazama mkewe, kicheko kikamshinda. Petroli ya kuoshea haikuwepo, iliyobaki ilikuwa ya safari tu. Mama akachukua sufuria ya sombe, ile ya kupikia majani ya muhogo, akatia maji na pinyo, akabandika jikoni nyuma ya nyumba.

Kosa letu lilikuwa hilo. Harufu ya mawese yanayochemka ilitoka ikazunguka mtaa mzima, na watu hawakuwa wameshiba siku nyingi. Tukasikia hodi. Alikuwa askari wa kizuizi, bunduki begani. Papa, mikono myeusi kwa oili, akaingia chini ya kitanda. Kavira akaruka, akaikalia pikipiki iliyofunikwa shuka na kufungua kitabu cha fizikia juu chini. Mimi nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Askari akapita moja kwa moja mpaka jikoni. “Mama, muko munapika nini? Inanukia mpaka kule kwetu.”

Aliyejibu ni koko, bibi yetu mzaa Mama, mzaliwa wa misitu ya Walikale, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi.

“Njo dawa, mutoto yangu.”

“Dawa ya nini? Mi pia tumbo iko inanisumbua.” Mkono wake ulikwisha kufika kwenye mfuniko.

“Ni dawa ya wamama wenye kuzaa,” koko akasema kwa upole. “Mwanaume akiichungulia, yeye njo anabeba mimba. Karibu, funua.”

Yule askari alivuta mkono kana kwamba mfuniko umemng’ata. “Hapana, koko. Mubakie muzuri.” Akatoka kinyumenyume, bunduki inagonga mlango, na chini ya kitanda Papa, ambaye siku zote hakutaka kusikia habari za dawa za kienyeji, alikuwa anauma shuka asicheke.

Alfajiri ya Jumatatu kiki ilikamata. Moshi ukajaa sebuleni, kuku wakatimuka, sisi tunakohoa na kurukaruka, na Kavira akaondoka nyuma ya Papa, amekumbatia mfuko wa kalamu.

Matokeo yalisomwa redioni. Mtaa wote ulijibana kwenye redio ya jirani, na jina lake lilipotajwa sikusikia tena kitu kwa vifijo. Mnaijua desturi: aliyefaulu anamwagiwa poda. Poda tungeitoa wapi? Mama alikimbia ndani, akatoka na unga wa muhogo uliokuwa umebaki, akaumwaga wote kichwani mwa Kavira.

Siku hizi matokeo yanaingia kwenye simu. Mtoto anasema “nimepita” bila hata kuinua macho, na poda ipo dukani ya kila rangi. Sisemi ni vibaya. Wamwagiwe tu, wanastahili. Lakini ninaukumbuka usiku ule, dada yangu mweupe mpaka kope, sisi tumelala bila bugali, tunacheka gizani na matumbo yananguruma, na Mama anatuambia tunyamaze huku yeye mwenyewe anashindwa.