Bani Linalonuka Tumbaku

"Rispah, kwani tumbaku ilikukosea nini?"

Jirani alimuuliza hivyo mwaka jana, aliporudi Malakisi kutoka Kitale, na wanawake waliokuwa wakifunga majani ya tumbaku wakacheka. Rispah Nasambu akapita.

Leo asubuhi amesimama ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku, pua yake ikigusa ukuta.

"Sisikii kitu," anasema. "Hiyo ndiyo shida yetu. Pua zilizoea."

Nyuma yake shemeji yake, Wabwile, amekunja mikono. Jana mvua ilinyesha, na miche yake ya tumbaku iko tayari kitaluni. Asipoipanda wiki hii, msimu umempita. Akiipanda, bani ni la tumbaku tena, na Rispah atarudi Kitale mikono mitupu.

Rispah alifanya kazi ya tumbaku karibu miaka ishirini na marehemu mumewe, kakake Wabwile. Baada ya mazishi alihamia mtaa wa Matisi, Kitale, akaanza kukausha mboga za majani, kunde na sagaa, juu ya turubai na kuwauzia wenye maduka. Mvua ikianza, karibu nusu ya mboga yake huoza.

"Nilimwomba Mungu paa," anasema. "Nikakumbuka huku kwetu kuna mabani."

Alianza vibaya. Alisimama kanisani, baada ya matangazo, akawaambia watu, "Acheni tumbaku." Walivyosikia wao, ni kama anawaita waje mbele waombewe.

"Kwetu mtu anaacha pombe, anaacha uchawi," Rispah anasema. "Mzee mmoja aliniuliza kama karo aliyowalipia watoto wake kwa pesa ya tumbaku ilikuwa dhambi. Nilikaa chini."

Wabwile peke yake alimwonea huruma. Mwaka jana, tumbaku ilipoisha, alimruhusu akaushe kunde kwenye bani lake. Walifungua gunia pamoja, wakanusa wote wawili, wakakubaliana mboga ni safi.

Kajal, mwenye duka Kitale, alipofungua gunia hilo alirudi nyuma. "Mama Levi," alimwambia Rispah, "hii ni mboga ama sigara?"

Alikataa kulinunua, na ndiyo sababu Rispah amekuja tena. Wanaingia jikoni, ambako Phelista, mkewe Wabwile, anamimina chai. Kwenye kona kuna mzigo wa vijiti vya kutundikia majani, vimelainika kwa kushikwa. Wabwile aliachiwa na babake.

"Mimi nilidhani ni kama mwaka jana, tumbaku kwanza, halafu mboga," Wabwile anasema. "Sasa ati nibandue ukuta?"

"Wote, shemeji. Tuukandike upya. Na vijiti vichomwe, harufu imeingia mpaka ndani."

"Vijiti vya mzee?"

Phelista anaweka birika chini.

"Si ni ukweli," anasema. "Hata mashuka yetu. Mgeni akilala hapa anaota akivuta sigara."

Rispah anacheka. Wabwile hacheki.

"Wewe Phelista, nani amekuuliza? Watu watasema nimeacha kazi ya mwanaume nikauze mboga na wamama."

"Hiyo kazi ya mwanaume nani huivuna?" Phelista anauliza, bila kupandisha sauti. "Majani yakiwa na umande, ile sumu yake inaniingia mikononi, na ni mimi hutapika huko shambani."

Wabwile anaangalia kikombe chake.

"Sijasema uache," Rispah anasema. "Hilo neno nililitubu. Nani hapa Malakisi anajua moto kama wewe? Unaweka tu mkono mlangoni, unajua huko ndani kukoje. Mimi nilijaribu moto kule Matisi. Majani ya juu yaliungua, ya chini yakabaki mabichi. Kazi ni ile ile ya kukausha, bana. Ni jani limebadilika."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii Wabwile anamtazama usoni.

"Jani la kunde ni jepesi," anasema taratibu. "Halitaki moto wa kelele."

"Si unaona? Mimi hilo sikulijua."

Nje, jirani anapita na kikapu cha miche kichwani, akienda kupanda.

"Na huyo Kajal akikataa tena?" Wabwile anauliza.

Rispah anafumba macho kidogo. Angeweza kuahidi. "Sijui, Wabwile. Sitakudanganya. Akikataa, tutakuwa tumepoteza wote."

Bani hili likisafishwa, anapanga kukusanya mboga za wanawake wa hapa na wa Sirisia, Wabwile akaushe, naye apeleke Kitale. Kanisani hatasimama tena kuongea juu ya tumbaku. "Waje wenyewe wanuse," anasema. "Mungu akitaka, watakuja."

Wabwile anainuka. Anaubeba ule mzigo wa vijiti kutoka kwenye kona, anaukumbatia kifuani kwa muda, kisha anauweka chini kando ya meko, pale Phelista huweka kuni. Anapangusa mikono kwenye suruali, anachukua jembe nyuma ya mlango, anatoka kuelekea kwenye ukuta wa bani.